Brightson Anatazama Nyuma

Kila asubuhi, kabla familia haijaondoka nyumbani Bunju, kazi ya Sekela ilikuwa kumfunga mdogo wake garini. Baba akiwasha gari, mama bado anatafuta kiatu cha pili, Sekela anakuwa ameshainama kwenye kiti cha nyuma, akipitisha mikanda juu ya mabega ya Brightson. Alikuwa darasa la sita, na hakuna kazi ya nyumbani aliyoipenda kuliko hiyo. Brightson, mwenye miezi kumi na moja, alizoea kumshika dada yake pua na kuivuta, kana kwamba hayo ndiyo malipo ya usumbufu anaopata.

Kiti chenyewe kilikuwa kile cha watoto wachanga, chenye mpini wa kubebea kama kapu. Walikipata alipozaliwa, na siku zile alionekana ndani yake mdogo kama embe moja ndani ya ndoo. Lakini Ijumaa moja asubuhi mikanda iligoma. Sekela aliivuta, akaivuta tena. Brightson akapiga kelele mpaka mama akatoka ndani na kiatu kimoja mguuni.

Baba alisema ni miguu tu, imekuwa mirefu. Mama akainama, akatazama kwa makini.

"Miguu haina shida," alisema. "Angalia kichwa."

Sekela akaangalia. Utosi wa mtoto ulikuwa umefika ukingoni mwa kiti. Alishangaa. Alikuwa akimfunga kila siku ya Mungu, uso kwa uso, na hakuwahi kumwona akikua. Nguo zake aliziona zikibana, meno aliyaona yakitokeza, lakini kukua kwenyewe kulimpita palepale mbele ya macho yake.

"Amekua lini?" aliuliza.

"Wakati umelala," baba akajibu, akicheka.

Sekela akasema hakuna haja ya kiti kingine, yeye atakuwa anampakata. Alikuwa na mikono yenye nguvu. Alichota maji kwa ndoo kubwa na hakumwaga tone. Mama hakutaka hata kulisikia hilo. Baba alihamishia mikanda kwenye tundu la juu kabisa, akasema kitavumilia kwa siku hiyo moja tu, na Jumamosi wote wanne wakaenda Kinondoni kutafuta kiti kingine.

Duka waliloelekezwa lilikuwa la Bi Mwanaheri, mwanamke mnene, mcheshi, aliyezaliwa na kukulia mitaa ileile. Aliuza vitu vya watoto, na viti vya gari vilikuwa vimepangwa ukutani kuanzia sakafuni mpaka karibu na dari. Sekela akamwamkia, na kabla hajamaliza kuitikiwa, macho yake yalikuwa yameshatua kwenye kiti kimoja chekundu, chenye mahali pa kuegemeza mikono pande zote mbili, kama cha mfalme. Hicho kilikaa kikitazama mbele. Akajiona yeye na Brightson wakiitazama barabara pamoja, akimwonyesha ng'ombe, malori na matrekta. Baba naye akakipenda. Alisema mtoto sasa ni mkubwa, hana sababu ya kuendelea kusafiri amegeuziwa mgongo kama amenuna.

Bi Mwanaheri hakubisha. Aliuliza umri wa mtoto, akauliza uzito wake aliopimwa kliniki mara ya mwisho, kisha akachukua futi ya fundi cherehani iliyokuwa shingoni mwake.

"Njoo wewe, dada mtu," alimwita Sekela.

Akampima kichwa, kutoka kidevuni mpaka utosini. Akampima urefu wote. Kisha akamlaza Brightson juu ya meza, akampima vilevile, huku mtoto akijaribu kuila futi. Akamwambia Sekela apige hesabu mwenyewe, kichwa kinaingia mara ngapi katika urefu wa kila mmoja.

Sekela alipiga hesabu kichwani, akadhani amekosea, akarudia. Kichwa chake yeye kiliingia katika urefu wake karibu mara saba. Cha Brightson kiliingia mara nne na kidogo.

Alimtazama mdogo wake aliyelala pale mezani akirusha miguu. Kumbe robo yake nzima, au karibu, ilikuwa kichwa! Na chini ya kichwa hicho ilikuwepo shingo fupi, laini, yenye mikunjo, ambayo yeye aliizoea kuibusu na hakuwahi kuiwazia chochote.

"Sasa nisikilizeni mie," alisema Bi Mwanaheri. "Gari likisimama ghafla, kila kilichomo ndani kinataka kuendelea mbele. Mtoto huyu akikaa anatazama mbele, mikanda itamshika mabega, lakini kichwa hakina wa kukishika, na shingo bado changa. Akikaa anatazama nyuma, kiti chenyewe kinampokea. Kichwa, shingo, mgongo, vyote kwa pamoja, kama kiganja."

Akakikunja kiganja chake, akakiegemeza nyuma ya kichwa cha Brightson, na mtoto akatulia humo.

Baba aliuliza atakaa hivyo mpaka lini. Akajibiwa kwamba inategemea kiti: kila kimoja kimeandikwa ubavuni uzito na urefu kinaoweza kubeba, na viti vingine vinamfikisha mtoto miaka mitatu hata minne akiwa bado anatazama nyuma. Na miguu? Ataikunja, alisema Bi Mwanaheri, kama anavyoikunja akikaa mkekani, na hatalalamika. Kile chekundu wakirudie siku zijazo wakitaka, mtoto akishakua vya kutosha.

Haikuishia hapo. Kiti cha kwanza walichokijaribu kilikuwa kikubwa mno kwa gari lao. Kilipowekwa, kiti cha abiria wa mbele kilisukumwa mpaka magoti ya mama yakagusa dashibodi. Cha pili kilikuwa cha rangi ya majivu, hakina urembo wowote, lakini kiliingia vizuri nyuma upande wa kushoto, wakakinunua. Kwa kuwa kazi ya kufunga ilikuwa ya Sekela, Bi Mwanaheri alimfundisha yeye. Alimwonyesha jinsi ya kukishika kiti pale mkanda wa gari unapopita na kukitikisa. Kikisogea zaidi ya upana wa vidole viwili, bado hakijakaza. Alimwonyesha kujaribu kuubana mkanda wa begani kwa vidole: ukikunjika, umelegea. Sekela alifanya yote sawasawa. Hata hivyo, walipokuwa wakirudi Bunju, aligeuka mara mbili kulitazama duka lile. Kile kiti chekundu kilikuwa bado moyoni mwake.

Wiki chache baadaye Bibi Tupokigwe, mama yake baba, alikuja kutoka Tukuyu kumwona mjukuu wake kwa mara ya kwanza. Mama alibaki nyumbani kuandaa chakula, na baba akawachukua Sekela na Brightson kwenda kumpokea stendi ya mabasi ya mikoani, Mbezi. Bibi alishuka kwenye basi akiwa amekumbatia kapu la maparachichi. Alisema amelipakata safari nzima na hakumwachia utingo aliweke chini, maana maparachichi ya kwao hayapendi kubamizwa.

Hakukubali kukaa mbele. Alitaka kuwa karibu na mtoto. Basi Sekela akakaa katikati, Brightson kushoto kwake katika kiti chake cha rangi ya majivu, na bibi kulia, amefunga mkanda kwa kubembelezwa na mwanawe, kapu mapajani.

Walipoanza kupanda vilima vya Goba, Brightson alianza kulia. Alikuwa amechoka, jua lilikuwa kali, na uso wa bibi ulikuwa mgeni kwake. Kilio kikapanda. Sekela akamwimbia, akampa mwanasesere, akampepea kwa kitambaa. Hakikusaidia kitu.

Bibi alivumilia kwa muda, kisha akasema mtoto afunguliwe, apewe yeye. Baba akamwomba asubiri kidogo, mbele kuna kituo cha mafuta, watasimama hapo. Bibi akamkumbusha mwanawe kwamba yeye mwenyewe utotoni alibebwa mgongoni, akavushwa mito mvua ikinyesha, na hakuna siku aliyoanguka. Baba akakohoa. Alikuwa mtu mzima, mwenye gari na kazi, lakini aliyekuwa akisema nyuma yake ni mama yake, naye akaendelea kuendesha.

"Sekela, mjukuu wangu," alisema bibi kwa upole. "Mfungue mtoto."

Kidole cha Sekela kilikuwa tayari juu ya kitufe chekundu cha mkanda. Kukibonyeza mara moja tu, basi, kilio kingekwisha na bibi angefurahi. Tangu azaliwe hakuwahi kumkatalia bibi jambo lolote. Kwao, maji yakiombwa na bibi huletwa kwa mikono miwili. Akamtazama Brightson. Machozi yalikuwa yakimtiririka kuelekea masikioni, na kile kichwa kikubwa kilikuwa kimeegemea kiti, kikitetemeka kwa kilio. Akakumbuka kiganja cha Bi Mwanaheri.

Akaondoa kidole.

"Bibi, naomba unisamehe," alisema, na sauti yake ikawa ndogo. "Gari likiwa linatembea siwezi kumfungua. Baba akisimama, nitakupa umpakate."

Bibi aligeuza uso dirishani. Sekela alihisi masikio yake yanawaka moto kwa aibu, na akatamani kituo cha mafuta kifike upesi.

Walikuwa wakiteremka kilima cha mwisho wakati bajaji ilipochomoka kwenye njia ya vumbi upande wa kushoto na kuingia barabarani bila dereva wake kutazama. Baba akakanyaga breki kwa nguvu zake zote.

Tairi zikalia. Mkanda ukamkaba Sekela kifuani hata akakosa pumzi. Kilichofuata kilikuwa kifupi sana, lakini baadaye alikikumbuka chote, kana kwamba kilitokea polepole. Kapu lilitoka mikononi mwa bibi. Halikudondoka, liliruka. Maparachichi yakapita kati ya viti vya mbele, moja likapasuka kwenye kioo, mengine yakagonga dashibodi kwa kishindo. Mwanasesere akaenda mbele. Mkoba wa baba ukaenda mbele. Kila kitu ndani ya gari kilikwenda mbele, isipokuwa Brightson. Yeye alizama. Kiti kilimpokea mgongo wote na kichwa chote, kikamshika hivyo, na gari liliposimama, alikuwa palepale alipokuwa.

Bajaji ilikuwa imeshatokomea. Brightson alikuwa ameacha kulia. Macho yamemtoka, mdomo wazi, akimtazama dada yake kama mtu anayeuliza nini kimetokea. Sekela naye alimtazama bila kupepesa. Ilikuwa kana kwamba mkono mkubwa usioonekana ulikuwa umeingia garini na kuchukua kila kitu, ukamfikia mtoto huyu na kumwacha.

Baba alisogeza gari pembeni, akalizima. Aliuliza kama wote ni wazima, na hakuuliza kitu kingine.

Sekela akamfungua Brightson, akamkabidhi kwa bibi. Bibi alimpapasa kichwa, akampapasa shingo, akashuka na uti wa mgongo kidogokidogo kwa ncha za vidole, akitafuta mahali ambapo mtoto angeshtuka. Hakupapata. Mtoto alimlalia begani. Ndipo bibi akanyoosha mkono wake mmoja mbele yake, akautazama kwa muda mrefu.

"Lile kapu nililishika kwa mikono yote miwili," alisema. "Tangu Tukuyu. Sikuhisi hata lilivyoondoka."

Malori yalipita, gari likitikisika kila mara.

"Mgongoni nilikuwa nabeba nikitembea kwa miguu," bibi akaendelea. "Mwendo wangu nilikuwa naujua. Huu si mwendo wa miguu. Mikono yangu haiujui." Akamgeukia Sekela. "Na wewe ulijua, ukanikatalia kwa adabu. Niliona vibaya, sitakuficha. Lakini ulifanya sawa. Mkubwa akikuambia ufanye jambo la hatari, hata kama anakupenda, mwambie hapana kwa heshima, kama ulivyoniambia mimi. Na sisi wakubwa tukubali kwamba mtoto akikua, kumpenda kwetu nako lazima kujifunze upya. Kumpenda tu hakumshiki."

Sekela alishika pindo la khanga ya bibi, akalikunja, akalikunjua.

Baba akakusanya maparachichi yaliyosalia. Brightson akapewa maji, akabembelezwa mpaka akaanza kusinzia. Wakati wa kuondoka ulipofika, Sekela alinyoosha mikono amchukue amrudishe kitini, lakini bibi akakataa kumwachia.

"Nionyeshe," alisema. "Nitamfunga mwenyewe."

Sekela akamwonyesha. Mkono huu hapa, mkono huu hapa, mikanda ikutane katikati, uvute. Bibi alirudia mara mbili, kwa vidole vilivyokuwa vigumu kwa kulima na vizito kwa uzee, mpaka kifungo kikaitika. Akajaribu kuubana mkanda wa begani, ukakataa kukunjika. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akafunga na mkanda wake mwenyewe bila kubembelezwa, kisha akamwambia mwanawe awashe gari, na aendeshe taratibu.