Kichongaji cha Watu Wawili

Kichongaji, mashine ya kuchonga mbao, kiliushukia ubao wa mninga, kikaukata, kikaupindua, na kabla Mhandisi Chilewa hajamaliza kufuta miwani, kigoda kilikuwa kimesimama kwa miguu yake mitatu. Hakuna mtu aliyekigusa. Katika duka lile la Dodoma hata muuzaji alikuwa roboti, tena mwenye adabu za kuchosha.

Roboti alimweleza kuwa kichongaji hicho ndicho kinachofaa karakana ya nyumbani. Kinajipakia ubao, kinabadili meno chenyewe, hata vumbi kinafagia. Chilewa, aliyestaafu ujenzi wa reli na kumzika mkewe mwaka uleule, alisikiliza huku moyo ukimwia mzito. Nyumbani kwake kila kitu kilijiendesha. Juma lililopita alimaliza siku nne bila kusema na mtu.

Akauliza habari za kichongaji kikuukuu kilichosukumwa kando.

"Hicho sikushauri, mzee. Kina vishikio viwili vinavyosikia mapigo ya damu. Bila watu wawili kushika, hakikati. Ni usalama wa zamani, mkono wa mtu usiingie kwenye meno."

"Roboti akishika?"

"Roboti hana mapigo."

"Basi nifungie hicho."

Kesho yake asubuhi, nyumbani kwake, aliweka ubao, akashika kishikio kimoja, akabaki akikitazama cha pili. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini kumpata mwenye kidole cha pili kulimtoa jasho. Katika mnara wao wa makazi, kugonga mlango wa mtu kulihesabika kama uvamizi. Mara mbili alirudi kutoka koridoni kabla hajagonga kwa Bi Nyamizi, jirani wa miaka sita aliyemjua kwa kikohozi tu.

Mara ya tatu akagonga. Bi Nyamizi alifungua mlango kidogo, akasema atamtuma roboti wake. Chilewa akaeleza, kwa haya nyingi, habari ya mapigo. Mama yule akaanza kutafuta viatu. Alivitafuta muda mrefu.

Wakasimama, kila mmoja na kishikio chake. Mashine ikanguruma.

"Itachukua muda gani, jirani?"

Kioo cha mashine kilionyesha dakika tisa. Chilewa aliona tisa ni chache mno. Aibu ilimshika, lakini aliteremsha kasi mpaka mwisho.

"Hadi alasiri," akasema.

Bi Nyamizi, aliyekuwa ameiona ile tisa vizuri kabisa, akakaza mkono kwenye kishikio.

"Alasiri ni sawa. Hata mimi sina pa kwenda."