Mpisheni Huyo wa Nyuma

Siku ya kwanza Kasuku aliponyamaza, watu wa nyumbani walishukuru. Mtoto huyo wa miaka mitano hakuwa na breki mdomoni. Aliongea akila, aliongea akioga, na hata usingizini alikuwa na mtu wa kugombana naye. Basi asubuhi ile alipokunywa chai yake kimya, baba yake aliinua mikono juu kama mtu aliyejibiwa dua, na bibi yake akasema huenda sasa masikio yake yatapona. Ni mama yake mkubwa tu aliyemtazama mara mbili. Mtoto alikuwa amekaa ukingoni kabisa mwa kochi, nusu ya mwili nje, ilhali kochi lote lilikuwa tupu.

Mama mkubwa huyo alikuwa mpiga picha wa harusi, na mtaa mzima ulimwita Sogea. Jina alipewa na kazi yake: sogea kidogo, sogea tena, acha kununa, sogea. Miaka yote ya kupanga watu mbele ya kamera ilikuwa imemfundisha kwamba kila ukoo una mtu wake anayesimama pembeni. Huyu ni mjomba aliyekosana na wenzake, yule ni shangazi anayeona gauni lake halifai. Wapiga picha wengine humwacha hukohuko. Sogea hakuwahi kumwacha. Alimwita kwa upole, akamwambia aingie, akawaamuru wengine wampishe, na watu wengi walilia baadaye walipoiona picha. Alijivunia sana tabia hiyo, na kusema kweli alikuwa na haki ya kujivunia.

Jioni iliyotangulia asubuhi ile ya kimya, familia nzima ilikuwa imekwenda kwenye ile bustani mpya ya miti ya chuma. Shemeji yake, baba yake Kasuku, alikuwa amepata kazi mbali, na angeondoka karibuni na mke na mtoto. Mama yake Sogea, bibi yake Kasuku, alitaka picha ya pamoja kabla hawajatawanyika, na alitaka Sogea naye awemo. Hilo lilikuwa donda lake la siku nyingi. Alikuwa akilalamika kwamba ukitazama picha za nyumba ile utadhani alizaa mtoto mmoja, kwa sababu wa pili siku zote yuko nyuma ya kamera. Sogea aliahidi kwamba safari hii ataingia.

Bustani ilikuwa ya kustaajabisha, lazima niseme. Miti yenyewe ilikuwa nguzo za chuma zenye urefu wa ghorofa kadhaa, zimezungushiwa mimea hai inayotambaa, na juu zimechanua kama miavuli iliyogeuzwa na upepo. Mchana vilele vile vilikunywa jua, jioni vikawaka taa za zambarau na kijani. Daraja jembamba lilining'inia kutoka mti hadi mti, na chini yake kulikuwa na jumba la kioo lililojaa ukungu wa baridi uliotengenezwa kwa mashine. Shemeji, ambaye hakuna asilolijua, alieleza kwamba zamani hapo palikuwa na msitu wa mikuyu, na kwamba walipokuwa wanafunzi walipita pale mbio, viatu mkononi. Mikuyu yote iling'olewa kiangazi kimoja. Mkewe, mdogo wake Sogea, akasema afadhali, hii ya chuma haina majani ya kufagia.

Jambo moja lilimsumbua Sogea. Jua lilikuwa linazama juu ya majani maelfu kwa maelfu, na hapakuwa na ndege hata mmoja aliyelia. Palisikika mvumo wa nyaya tu. Halafu palikuwa na harufu ya mti uliokatwa punde, harufu mbichi ya utomvu, mahali ambapo hapakuwa na ubao wala gogo.

Lakini mwanga ulikuwa unakwisha, na mwanga ukimwishia mpiga picha, hawazi kingine. Aliwapanga watu wake chini ya mti mkubwa kuliko yote. Mama katikati, Kasuku mbele yake, mke na mume kila mmoja upande wake. Akainamia kamera. Pale nyuma yao, kwenye kivuli cha shina, akaona mtu mrefu amesimama peke yake, mabega yameinama, kama yule mjomba wa kila harusi. Mdomo wake ukafanya kazi kabla ya akili.

"Na wewe huko nyuma, sogea, usione aibu. Ingia, wewe ni wa nyumbani. Jamani, mpisheni huyo wa nyuma."

Wakapisha. Wote walisogea, hakuna aliyeuliza, na Kasuku akasukumwa mpaka pembeni. Sogea akabofya. Aliponyanyua kichwa, aliwaona watu wake tu, na katikati yao pengo la upana wa mtu. Shemeji akacheka, akamuuliza alikuwa anamwita nani. Naye akacheka, akasema ni mazoea ya kazi, amechoka, twendeni nyumbani. Ahadi ya yeye kuingia kwenye picha ilisahaulika palepale.

Tangu hapo nyumba yao ikawa ndogo. Vyumba vilikuwa vilevile, na ukuta haukusogezwa, lakini kila mtu alijikuta anajibana. Shemeji alianguka kitandani mwake usiku kwa kulala ukingoni. Mkewe aliandaa sahani moja zaidi mezani, akaitazama, akairudisha kabatini. Kwenye kochi hakuna aliyekaa katikati, na ukimuuliza mtu sababu, alikasirika. Ile harufu ya utomvu ilikuwa imeingia kwenye mapazia. Naye Kasuku alikuwa anazidi kwenda nje. Mwanzo alikula mlangoni, kisha akahamia barazani, kisha Sogea akamkuta amekaa getini, mgongo ameupa nyumba, sahani mapajani.

Akachuchumaa karibu naye, akamuuliza polepole mbona amekaa huku.

"Ndani hakuna nafasi," mtoto akanong'ona.

"Nani kasema?"

"Mnasogea wenyewe, Mama Mkubwa. Kila mkisogea, mimi natoka."

Sogea alimbeba mpaka chumbani kwake na kumlaza mkononi mwake, akiwa amekata kauli kwamba hatamwachia. Usiku huo hakufumba jicho. Kwanza alisikia kochi la sebuleni likilalamika kama linavyolalamika mtu mzito anapokaa, akajiambia ni mbao zinapoa, kisha harufu ikapita chini ya mlango, nzito na yenye unyevu, akajiambia ni mvua, ingawa mvua haikunyesha, halafu ikaja sauti, sauti ya Kasuku mwenyewe, changamfu, isiyo na breki, ikisimulia habari za shule na paka na viatu vipya, ikicheka pale anapocheka Kasuku na kukohoa anapokohoa, na Sogea akiwa amelala hapo na mtoto mkononi, mdomo wa mtoto umefungwa, pumzi zake zinampiga shingoni, akabaki akiisikiliza mpaka ile sauti ikafika kwenye mlango wa chumba na kuuliza, kwa adabu kabisa, kama wanaweza kumpisha kidogo.

Kulipokucha alifungua ile picha kwenye kompyuta. Watu wake walikuwa wameegemea pande mbili. Katikati palikuwa na ukungu tu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Kasuku alikuwa pembeni kabisa, amekatwa nusu na ukingo wa picha.

Mama hakutaka kusikia zaidi. Alimwita mtaalamu wake wa mambo ya majini, mwanamke wa makamo mwenye duka la ndoo na mabeseni, ambaye alikuja na funguo za duka bado mkononi. Alisimama sebuleni, akavuta hewa puani, akakataa kuketi. Alilitazama kochi muda mrefu, na alipozungumza alishusha sauti.

"Huyu hakuvunja mlango. Amekaribishwa."

Sogea akaeleza yote, neno kwa neno, na alipofika pale pa kuwaambia wampishe, mdogo wake akajiziba mdomo kwa kiganja. Mwenye ndoo hakumlaumu. Alisema jini yule hana ubaya na mtu. Walimkatia mikuyu alimokuwa akikaa, naye anatafuta pa kukaa, na akiambiwa ingia, anaingia. Ila nyumba hii ni ya watu watano. Wa sita akikaa, mmoja atatoka, na anayetoka ni yule aliye mwepesi kuliko wote. Akageuka kumtazama Kasuku aliyesimama nje ya dirisha, akaongeza kwamba mtoto huyo akivuka geti hatarudi.

Shemeji akamwomba amfukuze, alipwe chochote.

"Simtoi mgeni wa mtu," akajibu. "Aliyemwingiza ndiye amtoe. Palepale, na kwa maneno ya kazi yake. Na wewe mwanangu, uwe na macho. Hatataka kutoka. Ukimtoa asiye yeye, umemtoa moja kwa moja."

Jioni ileile walirudi bustanini, wamevaa nguo zilezile. Bibi alimshika Kasuku mkono, lakini walipofika chini ya ule mti mkubwa mkono wake ulikuwa mtupu, na mtoto alikuwa amesimama mbali kwenye uzio wa jumba la kioo, anawatazama. Wengine walijipanga wenyewe, na pengo likabaki katikati yao. Sogea alipiga moyo konde, akainamia kamera.

Taa za miti zikawaka zote kwa mpigo, mvumo wa nyaya ukapanda, na katika ule mwanga wa zambarau pengo halikuwa pengo tena, alikuwamo Kasuku, gauni lilelile, nywele zilezile alizosukwa na bibi yake, amemshika bibi yake mkono na bibi yake anamtazama kwa mapenzi yote kana kwamba hakuwahi kumwachia, na kule kwenye uzio alikuwapo Kasuku mwingine, kimya, uso umemsinyaa, na Sogea alipoinua macho kutoka kwenye kamera akawaona bado wote wawili, na yule wa katikati akafungua mdomo na kusema kwa ile sauti aliyoizoea tangu mtoto alipojifunza kuita:

"Mama Mkubwa, mimi nipo hapa. Mtoe yule wa pembeni, ananitisha."

Mdogo wake alianza kulia, akasema huyo ndiye mwanawe, dada afanye haraka. Shemeji naye akaitikia. Na kidole cha Sogea kilishaanza kunyooka kuelekea kwenye uzio.

Kilichomzuia ni kazi yake. Alikuwa amempiga Kasuku picha mamia tangu alipozaliwa, na hakuwa na hata moja iliyotulia. Katika kila picha mtoto yule alifumba macho, au alijikuna, au alikuwa ukungu kwa kugeuka. Huyu wa katikati alikuwa ametulia tuli, macho yamefunguka hayapepesi, anaingojea kamera. Kule kwenye uzio yule kimya alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, anajikuna mguu kwa kisigino cha mwingine.

Sogea akamnyooshea kidole wa katikati.

"Wewe hapo. Wewe si wa nyumbani. Toka kwenye picha."

Yule mtoto hakukasirika. Alimtazama kwa huzuni, kama mtu aliyeinuliwa kwenye kiti alichokuwa amekizoea. Akauachia mkono wa bibi polepole, akarefuka, akarudi nyuma kwenye kivuli cha shina, na ile harufu ya utomvu ikafuatana naye. Kisha pale kwenye uzio Kasuku akaanza kulia kwa sauti kubwa. Alilia, na ndani ya kilio akaanza kusema: miguu inamuuma, ana njaa, kwa nini bibi alimwachia, na paka amekula nini leo. Mama yake alimkimbilia akamnyanyua. Sogea akakaa chini kwenye njia, akacheka na kulia pamoja, na hakuona aibu kwa wapita njia.

Alitaka waondoke papo hapo. Lakini mama alimshika bega. Alisema nusura ampoteze mjukuu leo, na kesho hawa wanasafiri, na yeye umri umekwenda.

"Picha moja tu, mwanangu. Safari hii na wewe uwemo. Watu wajue nilizaa wawili."

Nani angemkatalia? Shemeji, kwa furaha aliyokuwa nayo, alishampa kamera baba mmoja mcheshi aliyekuwa akipita na mkewe. Sogea akaingia kati ya mama na mdogo wake, mahali ambapo hakuwahi kusimama maishani, na joto la mabega yao lilimfanya macho yalengwe na machozi. Kasuku alikuwa mbele yao, anamsimulia yule baba habari za viatu vyake vipya.

Yule baba akainamia kamera, akatabasamu, kisha akanyoosha mkono juu ya vichwa vyao.

"Safi sana," alisema. "Na wewe mzee huko nyuma, mbona umejitenga? Ingia, ingia. Jamani, mpisheni."

Sogea akafungua mdomo kupiga kelele, lakini miguu yake ilishasogea. Bega la mama yake nalo lilisogea, na la mdogo wake. Harufu ya utomvu ikamjia shingoni. Na Kasuku, aliyekuwa katikati ya maneno, akanyamaza.