Kiu ya Kasiani

Jumapili hiyo, baada ya misa, watu wanne walikuwapo uani kwa Mzee Agustino, huko Mgeta: Mzee mwenyewe, binti yake Veronika, mwanawe Kasiani, na Ester, mhudumu wa afya ya jamii. Mtungi wa maji haukuwapo. Veronika alikuwa ameufungia chumbani kwake kwa kufuli.

Kasiani aliugua skizofrenia tangu ujana wake. Huo ni ugonjwa wa akili uliomfanya asikie sauti ambazo wengine hawazisikii. Alikunywa dawa kila siku, na sauti zikapoa. Alibeba matenga ya kabichi kutoka shambani hadi kwenye lori, na hapakuwa na kijana wa kumshinda katika njia ile ya mlima.

Lakini mwezi huo alibadilika. Alisimama kwenye kila kijito akanywa maji, kisha akaingia vichakani kukojoa. Nyumbani alimaliza mtungi kabla ya jua kutua. Asubuhi shuka lake lilikuwa limelowa.

"Utaukausha mlima, mwanangu," Mzee Agustino alimtania. "Wenzetu wa bondeni watapata wapi maji ya kumwagilia?"

Veronika hakucheka. Yeye ndiye aliyefua mashuka. Aliamini kwamba sauti zimerudi, nazo zinamwamuru mdogo wake anywe. Ndiyo maana alificha mtungi, akamwita Ester.

"Nisaidie, Ester, aongezewe dawa," alisema. "Hali imekuwa mbaya."

Ester alisogeza kigoda chake karibu na Kasiani.

"Kaka Kasiani, hebu niambie mwenyewe. Ni sauti zinazokuambia unywe?"

Kasiani alilamba midomo yake iliyokauka. "Sauti hazina koo, Ester. Mwenye kiu ni mimi. Dada nilimwambia."

Veronika aliinama. Ni kweli, Kasiani alimwambia mara tatu. Na mara zote tatu yeye alimjibu, "Umekunywa dawa leo?"

Aliinuka, akafungua kufuli, akarudi na mtungi na kata. Kasiani alikunywa kata tatu mfululizo.

"Kiu hii inaweza kuwa kisukari," alisema Ester. "Na mwenye kisukari akinyimwa maji, anaweza kufa. Mwenye ugonjwa wa akili ana moyo, mapafu na figo kama sisi. Wengi wao hufa mapema kwa kisukari, presha au kifua kikuu. Wakisema wanaumwa, sisi husema ni akili tu."

"Basi tumwachishe zile dawa?" aliuliza Mzee.

"La, Mzee wangu! Asiziache. Baadhi ya dawa hizo huongeza hamu ya kula, uzito na sukari. Kwa hiyo anayezitumia apimwe mara kwa mara. Kama ni za kubadilishwa, daktari ndiye atakayeamua. Na leo hii twende zahanati, tusingoje kesho."

Walikwenda. Kasiani alitobolewa kidole, akapimwa tone la damu. Sukari ilikuwa juu mno. Siku hiyohiyo alipelekwa hospitali mjini Morogoro, akalazwa siku sita. Daktari alimwanzishia dawa za kisukari, akamshauri apunguze sukari kwenye chai, akamwambia aendelee na dawa zake za akili.

Miezi mitatu ikapita. Kasiani alirudi kwenye matenga yake. Sasa alivipita vijito vyote, isipokuwa kile cha juu, ambako alipenda tu kunawa uso.

Jumapili moja watu walewale wanne walikaa uani. Veronika alisimama.

"Baba, Ester, na wewe Kasiani, nisikilizeni. Kuanzia leo mtungi utakaa hapa kivulini, pamoja na kata yake. Kila siku ya kliniki nitamsindikiza Kasiani, na hatutarudi mpaka apimwe presha, sukari na uzito. Na akisema anaumwa, mtu yeyote wa nyumba hii asimuulize kama amekunywa dawa kabla hajamuuliza anaumwa wapi."