Nywele za Bibi Dorcas

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Pelagia aliwasha moto jikoni na kumpelekea bibi yake kikombe cha maji. Bibi Dorcas alimeza kidonge chake kwa maji yale yote, kisha akakaa wima kwenye kigoda kwa nusu saa bila kula wala kujilaza. Ndivyo daktari alivyomwagiza. Baada ya hapo alikunywa uji na kuanza kukaanga maandazi ya kuuza sokoni.

Waliishi wawili tu, pembeni ya mji wa Kasulu. Mwaka 1997 Bibi aliteleza kwenye udongo mwekundu akitoka kuchota maji, akavunjika mkono. Hospitalini walimwambia kwamba mifupa yake imekuwa dhaifu, kama inavyowapata wanawake wengi wakishazeeka, na kwamba akianguka tena anaweza kuvunjika nyonga asitembee tena. Wakampa vidonge vya kuimarisha mifupa. Vilikuwa adimu, vimeletwa na madaktari wageni.

Miezi michache baadaye, nywele za Bibi zilianza kutoka. Pelagia aliziona kwenye kitana alipokuwa akimsuka. Mwanzoni zilikuwa chache, kisha zikatoka kwa mafungu, na utosini pakabaki ngozi tupu. Bibi alijifunga kitambaa kichwani.

Siku moja sokoni kitambaa kililegea alipoinama kupanga maandazi. Mama Venanti, aliyeuza ndizi kwenye meza ya jirani, akaona. Kufikia jioni maneno yalikuwa yamefika bombani, na kila aliyeyapokea aliongeza lake. Ikawa Bibi Dorcas ana UKIMWI. Miaka ile watu waliuogopa ugonjwa huo hata kuutaja. Wateja wakawa wanapita mbele ya meza yake kama hawamjui, na maandazi yakarudi nyumbani yamepoa.

Shuleni, Ininahazwe, binti wa Mama Venanti, alihama dawati alilokaa na Pelagia.

"Mama amenikataza kukaa na wewe," alisema. "Anasema bibi yako amekanyaga miwaya, ana ule ugonjwa."

"Mama yako ndiye aliyempima?"

"Watu wote wanajua."

"Wanajua nini? Bibi yangu anaumwa mifupa."

Wenzao wakacheka. Bibi huyu ndiye aliyewapelekea akina Mama Venanti uji walipougua malaria nyumba nzima. Leo walimkimbia kwa sababu ya kichwa chake.

Alirudi nyumbani akiwa amefura.

"Bibi, nywele zilianza kutoka lini?"

"Baada ya kuanza vile vidonge, nadhani. Kwa nini unauliza?"

Bibi alipotoka kuchuma mboga, Pelagia aliichukua chupa ya vidonge rafuni, akaenda chooni na kuvimimina vyote shimoni, chupa nayo akaitupa humo. Moyoni alijiambia kwamba sasa nywele zitaota na watu watanyamaza.

Kesho yake Bibi aliitafuta chupa asiione.

"Pelagia, umeona dawa zangu?"

"Sijaziona, Bibi. Labda panya."

Bibi alitafuta chini ya kitanda na nyuma ya gunia la maharage. Mwishowe akapanda juu ya kigoda ili aangalie juu ya kabati. Kigoda kikayumba. Pelagia alitupa kuni alizokuwa amebeba, akamdaka kiunoni, wote wawili wakaegemea ukuta wakihema.

"Usizitafute tena," Pelagia alisema huku akilia. "Nimezitupa mimi. Zinakumalizia nywele, na watu wanakusema vibaya."

Bibi alijifunga upya kitambaa chake. "Vaa viatu," alisema hatimaye. "Tunakwenda hospitali, na utamweleza daktari kwa mdomo wako mwenyewe."

Daktari Saady, aliyempa Bibi vidonge vile, alimsikiliza Pelagia mpaka mwisho, kisha akakagua kichwa cha Bibi.

"Inawezekana ni dawa," alisema. "Huwapata wachache. Lakini nywele hutoka pia kwa upungufu wa damu, au kwa ugonjwa wa tezi shingoni. Lazima tupime kwanza."

"Mbona hamkumwambia mapema?" Pelagia aliuliza. Bibi akamgusa bega amwonye, lakini daktari alitikisa kichwa.

"Mwache, Bibi. Ana haki ya kukasirika. Tulipaswa kukuambia siku ile ile tulipokupa dawa. Nisamehe."

Vipimo havikuonyesha ugonjwa mwingine. Daktari aliamua dawa ile isimamishwe, akampa Bibi vidonge vingine vya kusaidia mifupa na kumwagiza ale dagaa, anywe maziwa, atembee kila siku na arudi aangaliwe.

Njiani kutoka hospitali Pelagia alimsimulia maneno ya Ininahazwe, na Bibi akaenda naye moja kwa moja sokoni na kusimama mbele ya meza ya ndizi.

"Mama Venanti, nasikia umenipa ugonjwa."

"Mimi nilisema nilichokiona tu, Bibi."

"Uliona kichwa. Ugonjwa uliuongeza mwenyewe. Na kama ningekuwa nao kweli, andazi langu lingekuambukiza nini? Ungeninyima hata salamu?"

Watu walikuwa wamesimama wakisikiliza. Mama Venanti alitazama ndizi zake. "Nimekosa, Bibi," alisema kwa sauti ndogo. "Nitawaambia niliowaambia."

Alifanya hivyo. Wateja walirudi polepole, na Ininahazwe alirudi dawatini, akasogeza daftari lake ili wasome pamoja. Baada ya miezi kadhaa, nywele fupi nyeupe zilianza kuota utosini mwa Bibi.

Lakini jioni ile ile Mama Venanti alipoomba radhi, wakiwa njiani kutoka sokoni, Pelagia alikuwa bado ana aibu. Bibi akamshika mkono.

"Hasira yako ilikuwa ya haki," alimwambia. "Kosa lako ni kwamba uliipeleka pasipo pake, halafu ukaificha kwa uongo. Dawa ikinidhuru, anaambiwa daktari. Mtu akinisingizia, anaambiwa yeye, mchana, watu wakisikia. Ukikasirika gizani peke yako, utamwumiza unayempenda."