Aliyeita Kutoka Sebuleni

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Edina alipopita dukani kwa Methodi, mtaa wa Kikuyu, Dodoma, kuchukua kisanduku cha kutazamia filamu kwa intaneti. Kazi yake ilikuwa kunakili mijadala ya Bunge, neno kwa neno, kwa hiyo macho yake hayakuacha kitu. Aliona boksi limefungwa kwa gundi mara mbili.

"Hiki kimeshafunguliwa, kaka."

"Kipya hicho, dada. Wewe unakagua kama unanunua ng'ombe."

Alicheka, akalipa. Mafua yalikuwa yamemkaba koo, hakuwa na nguvu ya kubishana.

Nyumbani Nkuhungu aliishi na mdogo wake, Debora, wa miaka tisa. Mama alimwacha mikononi mwake kabla ya kufariki. "Huyu ndiye niliyekubakishia," alisema, na Edina hakulisahau neno hata moja.

Kisanduku kilimfurahisha. Rimoti nyepesi, picha safi, hakikwami. Kisha maandishi yakatokea kwenye runinga: *Nifundishe sauti yako. Ita mtu wa nyumbani.*

Kitaa kidogo cha kijani kikawaka kwenye rimoti. Edina akaita, "Debora."

"Abee, dada," mtoto akaitikia kutoka chumbani. Alilelewa hivyo: mkubwa akiita, unaitika papo hapo.

*Tena.*

"Debora."

"Abee. Si nimeshaitika jamani?"

*Asante. Inatosha.*

Edina akaenda jikoni kuosha vyombo. Magharibi ilikuwa imeingia. Debora akatokea mlangoni.

"Umeniita?"

"Sijakuita."

"Umeniita, dada. Nikaitika."

"Nenda kamalizie hesabu zako."

Mtoto akaondoka. Edina akafunga bomba. Kisha akasikia, kutoka sebuleni.

"Debora."

Ilikuwa sauti yake. Na mkwaruzo wa mafua ndani yake.

Kazini alisikiliza sauti kutwa nzima. Hakuweza kukosea.

Alikimbilia sebuleni. Runinga ilikuwa nyeusi. Palinuka udongo uliolowa, udongo uliochimbwa sasa hivi, na Dodoma haikuwa imeona mvua tangu Aprili.

Debora alikuwa amesimama katikati ya chumba, mdomo wazi, tayari kuitika. Edina akamziba mdomo kwa kiganja, akaokota rimoti iliyokuwa kochini, akapiga magoti mbele yake.

"Nisikilize," alinong'ona. "Bibi wa Kongwa alitufundisha nini? Anayekuita mara moja magharibi si mtu. Kuanzia leo, hata ukisikia ni mimi, usiitike mpaka nikuite mara tatu. Umeelewa?"

"Mara tatu."

"Hesabu kwa vidole."

Ndipo akatazama mkononi.

Kitaa cha kijani kilikuwa kinawaka.

Aling'oa waya kwenye soketi hadi cheche zikaruka. Usiku ule walilala kitanda kimoja, na hakuna aliyeita.

Kesho yake mchana alikirudisha kisanduku dukani. Methodi hakuuliza kina tatizo gani. Alihesabu pesa za kumrudishia haraka, bila kumtazama usoni.

"Nani alikirudisha kabla yangu?"

"Mama mmoja wa hapa hapa Kikuyu."

"Alisemaje?"

Methodi akakisukuma kisanduku chini ya meza kwa mguu. "Alisema mtoto wake haitikii tena. Anamwita yuko mbele yake, na mtoto anatazama mlangoni tu... kama anamsubiri mwingine." Akameza mate. "Nenda, dada. Magharibi isikukute njiani."

Alifika nyumbani kabla ya magharibi. Debora alikuwa chumbani na daftari lake. Kisanduku hakikuwepo. Edina akapika ugali na mlenda, akapakua, na kwa mara ya kwanza tangu jana mabega yake yakalegea.

"Debora."

Akangoja.

"Debora."

Mtoto alikuwa anafuata sharti. Edina akatabasamu.

"Debora."

Sufuria ilipoa... Mwishowe Debora akaja, taratibu, akasimama mlangoni.

"Mbona huitiki? Nimefikisha tatu."

"Nilishakuitikia, dada. Ulipokuwa unaita kule uani."

Mwiko ukamtoka Edina mkononi. "Mimi sijatoka nje." Akashusha sauti. "Ulisikia mara ngapi?"

Debora akainua vidole vitatu.

"Nilihesabu, kama ulivyosema."

"Ukaitika?"

"Ndiyo. Ukasema nikungoje, unakuja kunichukua."

Edina alimvuta kifuani, akasukuma komeo la mlango wa uani. Harufu ya udongo uliolowa ilikuwa inapenya chini ya mlango. Akamwita mdogo wake sikioni, kwa mnong'ono, mara moja, mbili, tatu.

Debora hakuitika. Alikuwa anatazama komeo.

Nje, mtu akakohoa.

Kilikuwa kikohozi cha Edina.