Nyuzi Sabini

Mgahawa wa chuo ulifurika saa ya chakula cha mchana. Kiti kilichobaki kilikuwa kimoja tu, mbele ya mkemia mmoja kijana, koti lake jeupe la maabara limetobolewa na asidi. Binti mmoja alikaa, akaitupia jicho karatasi ya grafu aliyoitandaza mwenzake.

"Huu mstari wako utapinda," alisema. "Gesi haitatoka sawasawa hivyo mpaka mwisho."

"Salamu kwanza, bibie," mkemia alijibu huku akitabasamu.

Kazi yake ilikuwa kusaga unga wa magnesiamu uliobeba haidrojeni na kuutia majini, haidrojeni ikachomoka kwa mapovu. Binti naye aliyapigia mahesabu mapovu hayo hayo kwenye kompyuta. Walianza kwa kubishana, wakaishia kupendana. Kufikia mwaka wa pili, mama mzazi wa mkemia alikuwa akimwita binti "mkwe" bila kumung'unya maneno.

Siku moja mahesabu yakaleta jambo zito. Kila punje ya unga huvaa ganda ndani ya maji, na ganda huizuia gesi. Lakini maji yakifika nyuzi sabini za joto, ganda lingepasuka na gesi yote ingetoka kwa mkupuo na kulipua chombo. Wiki hiyo hiyo mkemia alitazamiwa kuonyesha mtungi wake mkubwa wa kutoa gesi hiyo mbele ya wageni. Binti alirudia hesabu mara tatu, kisha akazipeleka kwa mkuu wa maabara, si kwa mpenzi wake. Onyesho likafutwa.

"Umenivua nguo mbele za watu," mkemia alimwambia kwa simu, sauti iko chini. "Ungeniambia mimi kwanza."

"Nisikilize, laazizi wangu..."

"Usiniite hivyo." Akakata.

Ikapita miezi miwili bila simu za binti kupokewa. Aliyempigia ni mama wa mkemia.

"Mwanangu, huyu mwenzako hali wala hasemi. Mmekosana nini?"

"Mambo ya kazi tu, mama," binti alijibu, machozi yakimlenga.

Asubuhi moja mkemia aliingia ofisini kwa binti, shati halijapigwa pasi, ndevu zimemjaa. Akaweka mezani kipande cha chupa iliyopasuka.

"Nimejaribu kijiko kimoja tu cha unga, nyuma ya kioo kinene. Chupa imelipuka kwenye nyuzi sitini na tisa. Siku ya onyesho mama angekaa kiti cha mbele. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenibembeleza nisubiri onyesho lipite, na kwako sina ubavu. Ningenyamaza." Binti aliinamisha kichwa. "Lakini nilikosea kukuacha usikie kwa mtu mwingine. Kwa hilo nisamehe."

Mkemia alivuta kiti, akakaa.

"Nataka kuwaleta wazazi wangu kwenu," alisema hatimaye, "kama bado unanitaka."

"Hasira zimekuisha?"

"Hazijaisha zote."

"Walete," binti alisema, akamshika mkono. "Zilizobaki tutazimalizia ndani ya nyumba yetu."