Mtoto Aliyesifiwa Unene

Usijifanye hukumwona. Ulipita pale bombani, dobi kainamia beseni, mwanawe kaketi pembeni kimya, mashavu yamejaa. Ukasema, mtoto kanona huyo. Ukaenda zako.

Dobi alizipenda sifa hizo; nani asiyezipenda? Alikuwa amemwachisha ziwa akiwa na miezi kumi, kwa sababu alishika mimba nyingine na mama mkwe akamwambia maziwa ya mjamzito ni sumu. Tangu hapo mtoto akawa wa uji mwepesi wa unga mtupu, asubuhi uji, jioni uji. Maharage yalipikwa, lakini yalikuwa ya baba, fundi wa matofali. Mwenye kazi nzito hula kwanza. Mtoto alilambishwa mchuzi.

Basi mwili ulipoanza kujaa, mama alishusha pumzi. Majirani wakampa jina la Kibonge. Nywele zilipogeuka rangi ya kutu, muuza genge akatania kwamba dobi kazifua kwa sabuni kali. Wote wakacheka, na dobi naye akacheka. Kilichomtatiza ni kwamba Kibonge hachezi tena. Alipomweleza mumewe, akajibiwa kuwa mtoto ametulia kama babu yake.

Siku moja muuguzi wa zahanati alifuata mashuka yake. Akachuchumaa, akaubonyeza mguu wa mtoto kwa dole gumba. Alipoondoa kidole, shimo likabaki.

"Mama, huyu hajanenepa. Amevimba kwa njaa."

"Njaa gani, dada? Uji anakunywa kila siku."

"Tumbo linajaa, mwili haupati kitu. Na mguu wa pili huu hapa, umevimba vilevile. Mlete leo."

Muuguzi alipoondoka, mama mkwe akaguna. "Umbebe mtoto mnene hivi hospitalini? Watu watatucheka, mwanangu."

Wakaogopa kuchekwa. Siku ya tano Kibonge alikataa hata uji, mwili ukapoa. Dobi alimbeba mbio, mikono ingali na povu. Mtoto akakatia roho kwenye benchi la zahanati.

Msibani wanawake walimuuliza mama, kwani Kibonge wetu aliumwa nini? Angewaambia nini, nao ndio waliomsifia?

Wala si wa kwanza. Kabla yake alikuwepo binti wa mfagizi wa soko. Naye tulimsifia mashavu. Ninyi mmesahau.

FUNZO

Uvimbe si unene, na uji mtupu si chakula cha kumkuza mtoto. Mimba isimkatishe mtoto ziwa kwa maneno ya mtaani. Maharage, dagaa, yai likipatikana, mtoto apakuliwe kabla ya baba.

Inuka sasa. Bonyeza miguu ya wanao na ya jirani; shimo likibaki kwenye yote miwili, mbebe mtoto zahanati leo, acheke atakayecheka. Kisha twende kwa diwani. Mizani ya kupimia watoto pale zahanati imevunjika tangu uchaguzi uliopita, na sisi tumenyamaza. Twende leo hii, kabla ofisi yake haijafungwa.